Ua Nililolitoa Nje

Ofisini tulimwita Madam, ingawa hakuwa mkubwa wa mtu yeyote. Alikuwa karani kama mimi, na kwa miaka kumi na moja meza zetu zilitazamana katika chumba kimoja cha ofisi ya serikali mjini Embu. Yeye alitoka Kibirichia, kule juu kwenye baridi ya Meru. Siku za kazi alilala kwenye chumba cha kupanga mjini, na Ijumaa akienda kwa mume wake na binti yake. Mimi ni Muembu, nyumba yangu iko Majimbo, na sikuwahi kuishi mbali na mke wangu hata wiki moja. Ninasema haya ili ieleweke kwamba katika mambo mengi yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kulalamika, na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika.

Kwenye dirisha letu alipanga maua. Yalikuwa ya aina moja tu, yale ya majani marefu membamba kama nyasi, kijani pembeni na mstari mweupe katikati. Yeye aliyaita maua ya buibui, kwa sababu ua likikomaa hutoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, na mwisho wa kila kikonyo hukaa mtoto mwenye miguu miguu. Watoto hao aliwakata akawapa watu. Alimpa mlinzi wa lango, mama wa chai, mkuu wetu wa idara, hata wananchi waliokuja kufuatilia faili zao na kukuta zimepotea. Mtu alikosa faili akaondoka na ua.

Mimi alinipa mwaka wa kwanza kabisa. Nililiweka kwenye kikombe cha bati juu ya televisheni na kulimwagilia kila asubuhi nilipokunywa chai, nikiona ninalihurumia. Haikupita mwezi likawa manjano, na shina likalainika kama kitunguu kilichooza. Nikalitupa shimoni, nyuma ya nyumba. Madam alipouliza linaendeleaje, nikamwambia lilikuwa kwenye veranda na watu wameliiba.

Alinitazama juu ya miwani yake.

"Limeibwa," akasema. "Pole sana."

Hakunipa jingine, wala sikuomba. Nilikuwa mwanamume mzima, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa waliokuwa hai, na nilishindwa kusema kwamba nimeua nyasi kwa maji. Uongo ule ulikuwa mdogo, lakini baada ya kuusema, kila mwaka uliopita uliufanya kuwa mgumu zaidi kuurudisha.

Ajabu ni kwamba nilianza kuyapenda maua yale. Madam alipowafundisha wengine namna ya kuyatunza, mimi niliinamia faili na kutega sikio. Nilisikia kwamba udongo uachwe ukauke kidole kizima kabla ya kumwagilia tena, kwa kuwa mizizi yake ni minene, inaweka maji ndani. Maji ya mfereji yana dawa, nayo huunguza ncha za majani, kwa hiyo ni afadhali ya mvua. Ncha ikiwa kahawia usikate jani lote. Chukua mkasi safi, ukate pembeni pembeni hadi jani libaki na ncha yake, si kukata moja kwa moja kama mtu anayefupisha suruali. Jani lililokufa ling'olewe chini kabisa. Watoto wakizidi, wakate, la sivyo mama yao anadhoofika. Na hilo la mwisho alilirudia kila mara: baridi. Alisema kwao Kibirichia hathubutu kuliacha ua nje hata usiku mmoja, kwa maana jalidi inayochoma majani ya viazi haitabakisha kitu.

Madam aliugua kwa muda mfupi. Aliomba ruhusa ya siku mbili, zikawa mwezi, na mwezi ulipoisha tukapigiwa simu. Ilikuwa Januari.

Siku ya mazishi tulifika Kibirichia mapema, umande bado uko kwenye nyasi, na mkuu wetu akaniomba nizungumze kwa niaba ya wafanyakazi kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye zaidi. Tulikaribishwa ndani kwa chai na mkate. Wanawake walikuwa wakiondoa viti na meza sebuleni ili jeneza lipate nafasi. Karibu na dirisha, juu ya kigoda, kulikuwa na ua moja kubwa katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Nililitambua mara moja. Madam alikuwa akilitaja mara kwa mara, huyu ndiye mama wa maua yote ya ofisini. Majani yake yalikuwa yamemwagika mpaka sakafuni, na watoto wake sikuweza kuwahesabu.

Mwanamke mmoja mwenye kitambaa kichwani, nadhani ni wifi yake, akanigeukia.

"Baba, nisaidie na hilo. Liweke tu huko nje kidogo."

Nililibeba. Mbele ya nyumba watu walikuwa wakisimamisha hema, kwa hiyo nikazunguka jikoni na kuliweka nyuma ya rundo la kuni, mahali ambapo watu hawatalikanyaga. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikasimama. Hapakuwa na mtu. Nikachagua kikonyo chenye watoto wawili waliokwisha kutoa vijizizi vyeupe, nikakikata kwa ukucha wa kidole gumba, nikawafunga ndani ya karatasi ya ratiba ya mazishi na kuwatia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kwenye ukurasa wa mbele wa ratiba ile kulikuwa na picha ya Madam akicheka. Nilikunja picha iangalie ndani.

Nilipogeuka kurudi nilijua kwamba ua lile halitastahimili usiku wa Kibirichia, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyeona nilipoliweka. Ingenitosha kumwambia yule mama mwenye kitambaa, ua liko nyuma ya kuni, jioni mlirudishe ndani. Ni maneno machache sana. Lakini niliwaza kwamba nikisema, mtu atakwenda kuliangalia sasa hivi, ataona kikonyo kilichokatwa kinatoa maji, na atakumbuka ni nani aliyelibeba. Nikanyamaza. Nikanywa chai yangu.

Baadaye nilisimama mbele ya watu na kipaza sauti. Nilisema kwamba marehemu alikuwa mtu wa kutoa. Nilisema hakuna aliyeingia ofisini kwetu akatoka mikono mitupu. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nikihisi unyevu wa wale watoto ukipenya karatasi hadi kwenye shati, upande wa kushoto, na nikaendelea kusema.

Mke wangu aliponiona ninawapanda kesho yake aliuliza nimewatoa wapi. Nikamwambia nimewanunua Makutano, tulipopitia Meru mjini, kwa wale wauza miche wa kando ya barabara. Akasema ni wazuri. Mke wangu ni mtu anayeamini anachoambiwa, na hilo nimelitumia vibaya zaidi ya mara moja.

Safari hii sikukosea. Nilitoboa mkebe chini, nikachanganya udongo na mchanga kidogo, nikaingiza kidole kila mara kabla ya kumwagilia. Nilikinga maji ya mvua kwenye ndoo. Kila neno nililolisikia nikijifanya kusoma faili, nililifuata. Mwaka haukuisha kabla ua halijajaa dirisha la sebule na kutoa vikonyo. Wageni walilisifu. Mke wangu alikuwa akiwaambia kwamba mzee ana mkono mzuri wa maua, na mimi nilikubali sifa ile kama ilikuwa yangu. Ofisini mambo yalikuwa tofauti. Mafundi walikuja kupaka rangi, wakatoa maua ya Madam nje kwenye jua, na hatukuyarudisha. Mimi pia sikuyarudisha. Niliona nikiyashika nitakuwa kama ninayajali kupita kiasi, na watu watauliza kwa nini.

Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mazishi, binti yake alikuja ofisini kufuatilia barua fulani ya mama yake. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko kwao, msichana mtaratibu, na ana namna ya mama yake ya kukutazama kabla ya kujibu. Aliambiwa asubiri hadi saa nane. Nikamwambia tuende kwangu Majimbo ale chakula cha mchana, maana siwezi kumwacha mtoto wa Madam akae kwenye benchi na njaa. Nilisema hivyo kwa moyo safi. Ua nilikuwa nimelisahau kabisa hadi nilipofungua mlango.

Alisimama mbele ya dirisha na mkoba wake bado begani.

"Mama alikuwa na ya hivi," akasema.

Mke wangu akatoka jikoni akijifuta mikono. Akamwambia hayo mzee aliyanunua Makutano, na je, kwao yapo bado? Yule binti akaeleza, bila kulaumu mtu, kwamba siku ya mazishi vitu vilitolewa nje na katika ule msongamano hawakulikumbuka ua. Walikuja kulipata baada ya wiki mbili nyuma ya rundo la kuni. Jalidi ilikuwa imelichoma, na kondoo walikuwa wamemaliza kilichobaki. Alikuwa ametumaini kupata hata moja ofisini, lakini asubuhi hiyo alikuta dirisha tupu. Kila aliyemuuliza alimwambia lake lilikufa zamani.

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi. Ningeweza kusema papo hapo. Badala yake nikauliza kama mvua imenyesha kwao.

Mke wangu alikuwa ameshachukua mkasi. Alikata watoto watatu, wakubwa kuliko wote, akawafunga kwenye gazeti lenye maji kidogo na kumwekea mikononi.

"Chukua, mwanangu. Kama mama yako aliyapenda, lazima yawe kwenu."

Binti akawaangalia kwa muda. Macho yake yakajaa machozi, akayapangusa kwa mgongo wa mkono.

"Si ya Mama," akasema, "lakini yanafanana kabisa. Asante sana, anko. Asanteni."

"Karibu," nikajibu.

Tukala. Kabla ya kuondoka aliomba tusali, na katika sala yake alimshukuru Mungu kwa watu wanaokumbuka wenzao. Mke wangu alisema amina kwa sauti. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Kuanzia hapo alikuwa akinipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Mmoja wa wale watoto watatu wa ua alikufa, binti akalia kwenye simu kidogo, nikamfundisha kuhusu maji. Wawili walishika. Nikamwambia kuhusu kidole kwenye udongo, kuhusu maji ya mvua, kuhusu mkasi na ncha ya jani. Wiki hadi wiki nilimpa maneno ya mama yake kama yangu. Alisema mimi ni mwalimu mzuri kuliko yeye. Akaniambia baba yake ananisalimu, na kwamba katika kikundi chao cha maombi alitoa ushuhuda kuhusu mzee wa Embu aliyemrudishia sebule ya mama yake. Baada ya simu ile nilitoka nje, nikasimama karibu na zizi la ng'ombe hadi mke wangu akaniita mara mbili.

Sitaki ionekane kwamba dhamiri ilinisukuma hatimaye nikaenda kukiri. Haikuwa hivyo. Agosti nilikuwa na shughuli Meru mjini, yeye akajua, akanisihi nifike kwao, kwani shule zimefungwa na ua limejaa vikonyo na anaogopa kulikata vibaya. Nilikosa kisingizio.

Alikuwa ameliweka palepale karibu na dirisha, juu ya kigoda kilekile. Baba yake alikuwa shambani. Alileta mkasi uliochemshwa kwa maji moto, sahani ya kuwekea watoto, na vikombe viwili vya chai. Nikamwonyesha pa kukata. Alikata jani la kwanza vizuri kabisa, pembeni pembeni, akaniangalia aone kama nimeridhika. Ni ule mtazamo ulionishinda.

"Ua hili si la Makutano," nikamwambia.

"La wapi?"

"La hapa. Ni la mama yako. Nilikata watoto wawili siku ya mazishi."

Hakuniangalia. Aliliangalia ua.

"Ulikata saa ngapi? Tulikuwa tumeshalitoa."

"Ni mimi niliyelitoa. Nililiweka nyuma ya kuni. Nilijua baridi italiua, mama yako alikuwa akituambia kila siku. Sikumwambia mtu kwa sababu niliogopa wataona pale nilipokata."

Kuku alikuwa akiingia mlangoni, binti akamfukuza kwa mguu. Kisha akaniuliza kwa nini sikuomba tu. Ikabidi nimweleze kuhusu kikombe cha bati na ule uongo wa veranda. Nilipofika katikati aliinua kichwa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Yule aliyezamisha ua. Mama alituambia. Kila alipokata watoto alikuwa anasema, kuna mzee ofisini ninamngojea akubali tu, nimpe lingine."

Aliweka mkasi chini.

"Kukata si neno, anko. Mama alikuwa anampa kila mtu. Lakini tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikikushukuru. Kila Jumapili. Na wewe unaitika."

Nilisema pole, akasema sawa, kwa namna ambayo watu husema sawa wanapotaka uache kuongea. Akachukua mkasi akaendelea kukata peke yake, na sikumwelekeza tena. Hakukosea hata jani moja. Mwishowe akaniambia lingekuwa jambo zuri nikimweleza baba yake mwenyewe, kwa kuwa naye amekuwa akiniombea.

Nilimkuta mzee huyo kwenye mistari ya viazi, akipalilia. Ni mtu wa maneno machache, na masikio yake ni mazito, kwa hiyo nililazimika kusema kwa sauti kubwa, nje, mchana, kwamba niliiba watoto wa ua la mke wake siku aliyomzika na kuliacha lile kubwa lichomwe na baridi. Alisimama akiwa ameegemea jembe. Alisema kitu kwa Kimeru, nusu nilielewa na nusu sikuelewa, kisha akakirudia kwa Kiswahili.

"Umesema. Basi." Halafu akauliza kama nimepewa chai.

Nilifika Majimbo jioni na kumweleza mke wangu kabla sijavua viatu. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake imesimama.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "ndiye niliyempa mtoto wa watu kitu chake, nikamwambia chukua."

Aliingia chumbani na simu yake akafunga mlango. Nilimsikia akiomba radhi. Aliomba kwa upole na kwa muda mrefu, kwa kosa ambalo hakulifanya, na nilikaa kwenye kochi na viatu vyangu miguuni nikisikia kila neno. Katika yote niliyoyasimulia hapa, hiyo ndiyo dakika ambayo hadi leo nikiikumbuka ninafanya sauti kidogo kooni, hata nikiwa kazini, na vijana wa ofisi wananiuliza kama niko sawa.

Binti yule hapigi tena simu yangu. Hupiga ya mke wangu. Huongea mambo mengi, ya shule, ya kanisa, ya bei ya mbolea, na mara nyingine ya maua. Akiwa na swali, mke wangu hufunika simu kwa kiganja na kuniuliza, nami humjibu. Juzi swali lilikuwa kwamba mizizi imeinua udongo hadi juu ya mkebe na maji hayapenyi, afanyeje. Nikamwambia aligawe katikati kwa kisu safi, kila nusu iende kwenye mkebe wake, na asiogope kukata mizizi kidogo kwani itaota. Halafu nikaongeza kwamba hayo ni maneno ya Madam, aambiwe hivyo. Mke wangu akaondoa kiganja kwenye simu na kumwambia vyote, na la mwisho pia.